Kule, pale na mle: Nyutrino zinatoka wapi hasa?

MWANAFUNZI mmoja wa kidato cha tatu, kutoka upande wa Nanyuki, aliniandikia swali lililonikosesha raha wiki nzima. Alikuwa akiandaa mradi wa klabu ya sayansi shuleni kwao, akapekua magazeti ya zamani. "Mwalimu," akaandika, "mwaka wa 2018 walisema wanasayansi wamegundua chanzo cha nyutrino za kutoka mbali angani. Mwaka wa 2022 wakasema tena wamegundua. Kwani kitu kimoja hugunduliwa mara ngapi?"

Swali la haki kabisa. Na kabla sijawanyoshea wengine kidole, nikiri kwamba hata mimi nimewahi kuandika "wamegundua" mahali ambapo wenye utafiti wao walikuwa wametumia neno la chini zaidi. Kitenzi hicho tunakitumikisha kama punda wa Lamu: kila mzigo ni wake.

Nilikuwa nimepanga leo kuzungumzia viambishi vya mahali, yaani pa-, ku- na mu-. Nilipolitazama swali hili vizuri, nikaona mambo hayo mawili ni mamoja. Tuanze na sarufi basi.

Tuseme umepoteza mbuzi. Jirani akikwambia, "Yuko kule bondeni," amekupa mwelekeo tu. Utalizunguka bonde zima. Akisema, "Yupo pale penye mgunga," utakwenda moja kwa moja. Lakini akisema, "Yumo mle zizini mwa fulani," hiyo sasa ni kesi. Ku- hutaja mahali kwa jumla, pa- hutaja mahali mahususi, nayo mu- hututia ndani. Mzungumzaji mzuri wa Kiswahili hafungui kinywa kutaja mahali bila kwanza kuamua ana hakika kiasi gani. Wanafizikia wanaosaka chanzo cha nyutrino wamekuwa wakisafiri kwa zaidi ya miaka kumi kutoka ku- kwenda pa-, na sasa wanagonga mlango wa mu-.

Nyutrino ni nini? Ni chembe ndogo mno isiyo na chaji ya umeme, yenye uzito mdogo kiasi kwamba kwa muda mrefu ilidhaniwa haina uzito kabisa. Mwanafizikia Wolfgang Pauli aliibuni kwa hoja mwaka wa 1930, kabla mtu yeyote hajaiona, kwa sababu hesabu za nishati katika kuoza kwa atomi zilikuwa hazitimii. Aliiita nyutroni. Miaka miwili baadaye James Chadwick akapata chembe nyingine nzito isiyo na chaji, nayo ikalitwaa jina hilo. Ikabidi ile ya Pauli itafutiwe jina lingine. Kule Roma, Edoardo Amaldi, mwenzake Enrico Fermi, akafanya utani wa kisarufi: kwa Kitaliano mwisho -one huashiria ukubwa, na -ino huashiria udogo. Kwa hiyo neutrone ikiwa ile kubwa, hii ndogo na iwe neutrino. Ni sawa na sisi tunavyosema jitoto na kitoto. Fermi akalipenda, dunia ikalikubali. Lau utani ule ungefanyikia Mombasa, huenda leo tungekuwa na "kijinyutro."

Sifa yake kuu ni ukaidi. Haigusani na kitu ila kwa nadra sana. Nyutrino zinazotoka kwenye jua peke yake hupita katika ukucha wa kidole chako zipatazo bilioni 65 kila sekunde, usiku na mchana. Usiku hupitia kwanza chini ya miguu yako, baada ya kuivuka dunia nzima. Ndiyo maana ilichukua hadi mwaka wa 1956 kwa Clyde Cowan na Frederick Reines kuinasa ya kwanza, karibu na tanuri la nyuklia huko South Carolina, Marekani.

Ukaidi huohuo ndio unaoifanya nyutrino kuwa shahidi wa thamani. Mnamo Agosti 1912, Victor Hess alipanda angani kwa puto hadi mita 5,000 na ushei, akapima na kukuta kwamba dunia inanyeshewa miale kutoka nje. Tunaiita miale ya kosmiki, ingawa kwa hakika mingi yake ni protoni na viini vya atomi. Baadhi ya chembe hizo zina nishati kubwa kuliko chochote ambacho mitambo yetu inaweza kuzalisha. Zinatoka wapi? Zaidi ya miaka mia moja sasa, swali lingali wazi. Shida ni kwamba protoni ina chaji, na anga za mbali zimejaa sumaku. Njiani inapindwa hivi, inapindwa vile, na ikitufikia mwelekeo wake hausemi lolote kuhusu ilikoanzia. Ni kama barua iliyopita posta ishirini na kila moja ikagonga muhuri juu ya anwani ya mtumaji.

Nyutrino haipindwi na sumaku, wala haizuiwi na vumbi au gesi. Na mahali popote ambapo protoni zenye kasi kubwa hugonga mwanga au gesi, huzaliwa chembe ziitwazo pioni. Nazo pioni huvunjika haraka zikatoa nyutrino na miale ya gama. Kwa hiyo ukipata zinakotoka nyutrino zenye nishati kubwa, umepata kiwanda cha miale ya kosmiki. Hilo ndilo linalotafutwa.

Mtego wenyewe umetegwa katika Ncha ya Kusini ya dunia. Unaitwa IceCube, na jina hilo linasema kweli: ni mchemraba wa barafu, wenye ujazo wa kilomita moja ya mraba mara kina cha kilomita moja. Wahandisi walitoboa mashimo 86 kwa maji ya moto, wakashusha nyaya zenye vitambuzi vya mwanga 5,160 hadi kina cha kati ya mita 1,450 na 2,450, kisha barafu ikajifunga tena. Kazi ilikamilika Desemba 2010. Mara chache nyutrino ikigonga kiini cha atomi humo, huweza kuzaa chembe iitwayo muoni, ambayo hukimbia kwa kasi inayoushinda mwanga ndani ya barafu (si mwanga wa angani, ambao hakuna kinachoushinda). Hapo huacha nyuma mwako wa buluu, kama mashua ya injini inavyoacha mkato wa mawimbi majini. Vitambuzi huusoma mwako huo, na mwelekeo hujulikana kwa kosa lisilozidi sana digrii moja, yaani kama upana wa mwezi mpevu mara mbili.

Fujo ni nyingi, lakini. Angahewa letu lenyewe, likigongwa na miale ya kosmiki, hutoa muoni na nyutrino zake. Kila sekunde muoni zaidi ya 2,000 za namna hiyo huingia IceCube kutoka juu. Kumtafuta mgeni wa kweli katika msongamano huo ni sawa na kusikiliza mnong'ono Gikomba saa nne asubuhi.

Mwaka wa 2013 watafiti walitangaza kwamba wamepata matukio 28 yenye nishati kubwa ambayo hayangeelezeka kwa angahewa pekee. Mawili makubwa zaidi ya yale ya mwanzo walikuwa wameyapa majina Bert na Ernie, wale vikaragosi wa kipindi cha watoto. (Wanasayansi nao ni watu.) Ila mengi ya matukio hayo yalikuwa na mwelekeo wa kukisia, kosa la digrii 10 au zaidi lilikuwa la kawaida. Kwa lugha yetu: zinatoka huko. Wapi huko? Huko tu.

Halafu ikaja Septemba 22, 2017. Nyutrino moja yenye nishati ya elektronivolti trilioni 290 hivi ilipita IceCube. Sekunde 43 baadaye mtambo ulikuwa umekwisha kuwatangazia wanaastronomia duniani kote: tazameni upande ule. Siku chache baadaye, setilaiti ya Fermi ikaonyesha kwamba katika upande huo, ndani ya kundinyota la Jabari, kuna galaksi iitwayo TXS 0506+056 ambayo wakati huo ilikuwa inawaka gama kuliko kawaida yake. Darubini za MAGIC katika kisiwa cha La Palma zikaiona pia, kwa miale ya nishati kubwa zaidi.

TXS 0506+056 ni blaza. Blaza ni aina ya galaksi amilifu, yaani galaksi ambayo kitovuni mwake kuna shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni au mabilioni ya jua letu, linalomeza gesi kwa pupa hadi eneo linalolizunguka linang'aa kuliko nyota zote za galaksi hiyo. Baadhi hurusha kutoka kitovuni mkondo mwembamba wa chembe unaokwenda karibu kwa kasi ya mwanga. Mkondo ukielekezwa kwetu moja kwa moja, galaksi hiyo huitwa blaza.

Watafiti wakarudi kwenye kumbukumbu zao na kukuta kwamba kati ya mwisho wa 2014 na mwanzo wa 2015 nyutrino kama 13 zaidi ya kawaida zilikuwa zimetoka upande uleule. Mnamo Julai 2018 makala mawili yakachapishwa katika jarida la Science. Na hapa, msomaji wangu, naomba utulie kidogo. Kichwa cha makala ya pili hakikusema nyutrino kutoka kwa blaza. Kilisema nyutrino kutoka upande wa blaza. Neno hilo moja, upande, lilikuwa limebeba uaminifu wote wa kazi ile. Lilipovuka bahari na kuingia katika magazeti, ya Kiingereza kabla ya yetu, likadondoka njiani. Ku- ikageuzwa pa- na watu ambao hawakuwa wamefika bondeni.

Kwa nini wenyewe walisita? Kwa sababu ya kipimo wanachokiita sigma. Chukua sarafu ya shilingi moja, irushe. Ikianguka upande wa twiga mara mbili mfululizo, hutashangaa. Ikianguka upande wa twiga mara kumi mfululizo, utaanza kuishuku. Sigma 3, kiwango cha tukio la 2017, ni karibu sawa na hiyo: bahati tupu ingeweza kuleta tukio kama hilo mara moja katika 740 hivi. Inaonekana ndogo. Lakini chukua shule ya wanafunzi 1,000, kila mmoja arushe sarafu mara kumi; huenda mmoja akapata twiga mara zote kumi, naye si mganga wala sarafu yake haina hitilafu. Anga ina galaksi nyingi. Ukitafuta sana, utapata twiga kumi mahali fulani. Kwa hiyo wanafizikia wamekubaliana kwamba neno ugunduzi litasubiri sigma 5, ambayo ni kama twiga mara 22 mfululizo: bahati moja katika milioni tatu na nusu.

Sasa tuje kwa galaksi ya pili, ambayo mimi binafsi naiona kuwa na kisa kitamu zaidi, ingawa haikupigiwa kelele kama ya kwanza. Inaitwa NGC 1068, au Messier 77. Imo katika kundinyota la Nyangumi, umbali wa miaka ya nuru milioni 47 hivi, jirani kabisa ukilinganisha na ile blaza iliyo mbali kwa mabilioni. Ilijulikana tangu 1780, na mwaka wa 1943 Carl Seyfert aliitia katika orodha yake ya galaksi zenye vitovu vya ajabu. Si blaza.

IceCube ilikuwa na orodha ya galaksi na vitu vingine 110 vilivyoteuliwa mapema, kabla ya kufungua data, ili pasiwe na mtu wa kudai baadaye kwamba walichagua sarafu baada ya kuirusha. Mwaka wa 2020 NGC 1068 ilitokeza juu ya wenzake kwa sigma 2.9. Hawakupiga kigelegele. Walirudi wakasahihisha vipimo vya vitambuzi, wakaboresha namna ya kukadiria mwelekeo, wakazipitia upya data za miaka tisa. Novemba 2022 wakatoa jibu: nyutrino 79 za ziada, pengine 20 zaidi au pungufu, zikitoka mahali penye galaksi hiyo. Sigma 4.2. Twiga mara 16 mfululizo, baada ya kuzingatia kwamba walitazama sehemu 110.

Kichwa cha makala hayo kilitumia neno ambalo kwa Kiswahili ni ushahidi. Hakikusema ugunduzi. Lakini tazama, "upande wa" imetoweka. Safari hii wamethubutu kusema kutoka kwa galaksi. Ku- imekuwa pa-.

Bado mu-. Nyutrino zinazaliwa sehemu gani ndani ya galaksi hiyo? Nilisema kwamba pioni hutoa nyutrino pamoja na miale ya gama. Basi penye nyutrino nyingi sharti pawe na gama nyingi. MAGIC ilikuwa imeitazama NGC 1068 kwa saa 125 kutafuta gama za nishati hiyo, na haikuona kitu. Ushahidi wa kutokuwepo nao ni ushahidi: gama zimezaliwa, zikafungiwa. Ni mahali gani panaweza kufungia gama na kuziacha nyutrino zipite? Mahali palipojaa eksrei kwa wingi, maana gama yenye nishati kubwa ikigongana na eksrei, zote mbili hutoweka na kuacha elektroni na pacha wake mwenye chaji chanya. Mahali pa namna hiyo wanaastronomia wanapajua: ni gesi yenye joto kali iliyolizunguka lile shimo jeusi kwa karibu sana. Wanaiita korona. Najua neno hilo lilitutesa kwa sababu nyingine. Asili yake ni taji kwa Kilatini, na mimi ningependelea kusema taji, tuwaache madaktari na korona yao.

Kwa hiyo hoja inayozidi kupata nguvu ni kwamba nyutrino za NGC 1068 zatoka mle tajini, nyuma ya ukuta mnene wa vumbi unaotuzuia kuona kitovu chake kwa mwanga wa kawaida. Bado ni hoja. Watafiti wanasema "yamkini," nami nawafuata.

Hapa niruhusu nichepuke, kwa kuwa eksrei zina hadithi ya kwetu. Eksrei za angani hazipenyi angahewa, kwa hiyo kuzipima kunahitaji setilaiti. Setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kazi hiyo pekee ilirushwa Desemba 12, 1970, kutoka jukwaa la San Marco katika bahari ya karibu na Malindi. Ilikuwa siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wetu, ikabatizwa Uhuru. Orodha yake ya nne ilikuwa na vitu 339 vinavyotoa eksrei, na hadi leo wanaastronomia huandika majina kama 4U 1820-30 bila wengi wao kujua kwamba ile U ni neno la Kiswahili. Tunapolalamika kwamba lugha yetu haiko katika sayansi, tukumbuke kwamba imo, herufi moja moja.

Nirudi kwa mwanafunzi wangu. Nilimjibu hivi: mwaka wa 2018 kulikuwa na dalili. Mwaka wa 2022 kukawa na ushahidi. Ugunduzi, kwa kipimo ambacho wenyewe wamejiwekea, ungali njiani. Maneno hayo matatu tunayo siku zote, na hatuhitaji kamati ya istilahi kutuundia. Tunayo na fununu, kwa mambo ya chini ya sigma 2. Tunayo huenda, yamkini, inaelekea, na kiambishi -nge-. Kilichokosekana si msamiati. Mhariri anataka kichwa kifupi, na "wagundua" ina herufi nane tu.

Wala safari haijanyooka. Mnamo Februari 13, 2023, mtego mwingine ambao ulikuwa haujakamilika, KM3NeT, uliolazwa mita 3,450 chini ya bahari ya Mediterania karibu na Sicily, ulipitiwa na nyutrino yenye nishati ya takriban elektronivolti trilioni 220,000, kubwa kupita zote zilizowahi kunaswa. Taarifa ilichapishwa Februari 2025. Upande ilikotoka kuna blaza kadhaa, na hakuna hata moja iliyoweza kufungwa kamba. Kwa nyutrino hiyo tumerudi palepale pa mwanzo: kule.

Mwanafunzi aliuliza pia kama anaweza kuiona NGC 1068 kwa macho. Kwa macho matupu, la. Ni hafifu mno. Lakini amebahatika kwa mahali anapoishi, kwa sababu galaksi hiyo iko karibu kabisa juu ya mstari wa Ikweta wa anga. Akitoka nje Nanyuki mwanzoni mwa Novemba, karibu na saa sita usiku, aangalie juu utosini, Kilimia kikiwa kimekaa upande wa kaskazini mashariki. Ataona nyota hafifu iitwayo Delta Ceti. Akiazima darubini ndogo na kuisogeza kidogo kutoka kwenye nyota hiyo, kiasi cha digrii moja hivi kuelekea mashariki, ataona doa la ukungu. Ni pale.